Mgeni mpe jembe, lakini mwonyeshe na shamba

Hotuba hii niliitoa Jumamosi asubuhi kwa watengeneza programu wenzangu hapa Morogoro. Mvua iliwazuia wengi, kwa hiyo nimeiandika yote kama nilivyoisema. Picha za ukutani nimeziacha, hazikuwa na jipya.

Ndugu zangu, hamjambo? Wa nyuma mnanisikia? Haya.

Nianze na swali. Nani hapa ameshampa wakala wa akili unde zana ya kufanyia kazi? Simaanishi wakala wa pale kona anayekutolea hela kwenye simu. Namaanisha programu yenye modeli kubwa ya lugha ndani yake, inayopewa kazi na kuachiwa ijiamulie yenyewe hatua: tafuta hiki, fungua kile, andika pale. Nyoosheni mikono. Naona wengi. Sasa ninyi mlionyoosha, nani alikaa zaidi ya dakika tano akiandika maelezo ya ile zana?

Mnaona mikono ilivyoshuka? Msione haya. Mwaka juzi hata wangu ungeshuka.

Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi hatungoji hiyo ya tatu. Wakala anaingia leo, leo hii jembe liko mkononi. Shamba liko wapi, hatumwambii. Mpaka wa jirani unaanzia wapi, hatumwambii. Mihogo ipi tumeiacha kwa mbegu, hatumwambii. Akirudi jioni ameifyeka ya mbegu, tunasema modeli hii haina akili. Jamani, hapo asiye na akili ni nani?

Tuelewane kwanza anachokiona huyu mgeni. Juni 2023 kampuni ya OpenAI waliruhusu modeli zao kuita funksheni, yaani vipande vya programu ulivyoandika wewe; hizo ndizo zana ninazozisema. Novemba 2024 kampuni ya Anthropic wakatoa MCP, kanuni za kuunganisha mawakala na zana, na wengine wakazifuata. Majina yamebadilika, umbo ni lile lile. Wakala anapewa jina la zana, maelezo yake kwa maneno ya kawaida, na orodha ya nafasi za kujaza. Basi. Msimbo wako wa ndani hauoni. Umeuandika usiku kucha, umeupanga vizuri, kila funksheni ina jaribio lake, yeye hana habari nao. Kwa wakala, maelezo ndiyo zana. Narudia kwa waliokuwa wanatazama simu: kwa wakala, maelezo ndiyo zana.

Niwape kisa.

Nilikuwa natengeneza msaidizi wa kukata tiketi kwa kampuni moja ya mabasi, jina naliacha. Mteja anaandika kwa WhatsApp, wakala anatafuta basi, anamshikia kiti. Zana niliiita tafuta_basi. Ilikuwa na nafasi nne: kutoka, kwenda, tarehe, saa. Kwenye nafasi ya saa niliandika maelezo, nayasoma kama yalivyokuwa: "Saa ya kuondoka." Maneno matatu. Nikafunga kompyuta, nikaenda kula.

Mama mmoja akaandika: "Mwanangu, kesho nataka kwenda Dodoma, saa tatu." Wakala akajaza 03:00. Kanzidata, yaani ghala la taarifa za mabasi, ikatafuta basi la saa tisa usiku, haikuliona, ikarudisha mabano mawili matupu, yaani orodha isiyo na kitu. Wakala akamjibu mama kwa adabu zote: "Samahani mama, kesho hakuna basi la kwenda Dodoma."

Hakuna basi! Morogoro kwenda Dodoma! Mnacheka, lakini pale stendi ya Msamvu siku hiyo magari yalikuwa yanasubiriana kutoka. Mama akafunga safari hadi stendi, akapanda gari la kampuni nyingine, na wenye kampuni wakanipigia mimi.

Kila aliyeko humu ndani anajua saa tatu ya mama ni ipi. Sisi tunahesabu tangu kuchomoza kwa jua, seva inahesabu tangu usiku wa manane. Lakini hilo liko vichwani mwetu, halikuwa kwenye maelezo. Kilichoniudhi ni kwamba nilipokaa nikajaribu mwenyewe, sentensi ile ile ya mama, mara ya kwanza wakala alipatia: 09:00. Mara ya pili akapatia. Ya tatu pia. Ya nne, 03:00. Shikeni hilo, nitalirudia mbele.

Nilirekebisha nini? Modeli sikuigusa. Nafasi ya "saa" nikaibadilisha jina ikawa muda_24h. Maelezo yakawa hivi: "Muda wa kuondoka kwa mfumo wa saa 24. Mteja anaweza kutaja saa ya Kiswahili: 'saa tatu asubuhi' ni 09:00, 'saa mbili usiku' ni 20:00. Asipotaja asubuhi wala usiku, muulize kabla ya kutafuta." Halafu yale mabano matupu nikayatoa. Sasa zana ikikosa basi inasema: "Hakuna basi la 03:00. Siku hiyo yapo ya 06:00, 09:00 na 13:30. Hakikisha umegeuza saa ya Kiswahili." Ujumbe wa kosa nao ni maelezo, tena ndio unaosomwa kwa makini kuliko yote, maana unafika wakati wakala amekwama. Wangapi kati yetu bado tunarudisha "Hitilafu 400" na kunyamaza? Mtu akikuuliza njia ukamjibu "siyo huku" kisha ukaingia ndani, umemsaidia?

Wakati mwingine hata maneno hayatoshi, inabidi umbo la zana lenyewe lizuie kosa. Anthropic walieleza Desemba 2024 jinsi walivyojenga wakala wa kurekebisha programu ili wampime kwa SWE-bench, kipimo cha kurekebisha makosa ya programu halisi. Wanasema muda mwingi waliutumia kunoa zana kuliko kunoa maagizo ya jumla. Wakala wao alikuwa anakosea njia za mafaili kila akihama folda ya mwanzo, kwa kuwa alikuwa anaandika njia fupi inayoanzia pale aliposimama. Wangeweza kumwandikia aya nzima ya maonyo. Hawakuandika. Waliibadilisha zana, ikataka kila mara njia kamili tangu mzizi. Kosa likaisha. Mimi nilisoma mistari ile nikakumbuka mabano yangu matupu, nikajisikia vibaya kidogo.

Kisa cha pili kina hela ndani, kwa hiyo sogeeni.

Kuna duka la vitenge nililitengenezea msaidizi. Mteja anachagua kitenge, wakala anamwomba alipe kwa simu, mzigo unafungwa unapakiwa kwenye basi. Zana ya malipo niliiita lipa. Mnaofanya kazi na malipo ya simu mnajua yanavyokwenda. Unatuma ombi, mtandao unakujibu papo hapo kwa namba sifuri, maana yake hakuna kosa, na neno la kufanikiwa juu yake. Kilichofanikiwa ni ombi kupokelewa, si hela kuingia! Baada ya hapo kidirisha kinatokea kwenye simu ya mteja, anaweka namba ya siri, au anaghairi, au salio halitoshi, au simu imezima. Jibu lenyewe linakuja baadaye, kwa mlango mwingine.

Wakala atayajua wapi hayo? Aliita zana iitwayo lipa, akajibiwa imefanikiwa, akaandika: "Asante sana, malipo yako yamepokelewa, mzigo unakuja." Kijana wa dukani alikuwa ameshaanza kufunga kamba. Bahati yetu mteja alikuwa muungwana, akajibu: "Dada, mbona sijaweka namba ya siri?" Akamwita wakala dada.

Siku chache baadaye likaja la pili. Mtandao ulikuwa mzito, zana ikachelewa kujibu, wakala akaona kimya akaita tena. Kimya, akaita tena. Mteja akapata vidirisha vitatu vya kumtaka alipe kitenge kimoja. Hebu jiwekeni kwenye nafasi yake: ungeweka namba ya siri hapo, au ungeita polisi?

Sasa zana inaitwa omba_malipo, kwa sababu ndicho inachofanya. Inajibu hivi: "Ombi limetumwa kwenye simu ya mteja. Hela BADO haijaingia. Usimwambie mteja amelipa mpaka angalia_malipo iseme imeingia." Na kila oda ina namba yake, kwa hiyo ombi la pili la oda ile ile likija wakati la kwanza halijajibiwa, seva inalikataa. Hilo nimelifunga ndani ya msimbo makusudi. MCP, tangu toleo la Machi 2025, inakuruhusu kubandika alama kwenye zana: hii inasoma tu, hii inaharibu, hii ukiirudia haina madhara. Bandikeni, zinasaidia. Ila kanuni zenyewe zinasema alama hizo ni dokezo tu, na zikitoka kwa seva usiyoiamini usizitegemee. Kibao cha "mbwa mkali" bila mbwa, mwizi ataruka ukuta.

Na kwa kuwa tumegusa kuaminiana, nipitie hili haraka. Aprili 2025 watafiti wa Invariant Labs walionyesha zana ya kujumlisha namba mbili. Kujumlisha tu! Ndani ya maelezo yake walificha maagizo kwamba wakala asome kwanza faili la ufunguo wa siri kwenye kompyuta ya mtumiaji na kulituma pamoja na zile namba. Mtumiaji haoni kitu, kwake zana inaitwa jumlisha. Ukipakua zana ya mtu, soma maelezo yake yote kwa macho yako kabla hujampa wakala. Kwake yeye kila sentensi humo inaweza kugeuka amri.

Haya, tuseme umeandika vizuri. Utajuaje ni vizuri?

Njia ya kwanza haina gharama. Nilikuwa na binti wa mafunzo kwa vitendo ofisini. Nikachapa orodha ya zana zangu, majina na maelezo tu, nikampa na kalamu nyekundu. Nikamwambia: mteja kasema hivi, wewe ungeita ipi? Alirudisha karatasi imejaa alama za kuuliza. Alikuwa amezungushia duara tafuta_mteja, pata_mteja na orodhesha_wateja, akaniuliza: "Kaka, hizi tatu zinatofautianaje?" Nikafungua mdomo nimweleze. Nikaufunga. Sikujua. Nilizitengeneza miezi tofauti, kila moja kwa haraka yake. Siku ile nilifuta zaidi ya nusu ya zana zangu, na wakala akatulia kuliko wiki zote nilizokuwa nacheza na maagizo yake. Kama binti mwenye akili timamu na kikombe cha chai mkononi hawezi kuchagua, modeli itachaguaje?

Swali ninaloulizwa kila mahali: maelezo yaandikwe Kiswahili au Kiingereza? Modeli nyingi hukatakata maneno ya Kiswahili vipande vingi kuliko ya Kiingereza, kwa hiyo maelezo ya Kiswahili yanakula tokeni zaidi, ndivyo vinavyoitwa hivyo vipande, na tokeni ni hela. Kwenye kazi zangu nimejaribu yote mawili. Sikuona lugha ya maelezo ikileta tofauti kubwa. Tofauti ililetwa na mifano ya maneno halisi ya wateja, kwa Kiswahili chao, na vifupisho vyao, na "xaxa" zao. Lakini hiyo ni kazi yangu, kwako huenda ikawa vingine. Pima.

Kupima kwenyewe ndiko tunakojidanganya. Wengi wetu tunapima hivi: unaandika swali moja, wakala anajibu vizuri, unapiga picha ya skrini, unaituma kwenye grupu. Mkumbuke mama wa Dodoma. Nilipoijaribu sentensi yake, mara tatu za kwanza wakala alipatia!

Juni 2024 kampuni ya Sierra walitoa kipimo kiitwacho τ-bench, chenye kazi za huduma kwa wateja, dukani na kwenye shirika la ndege. Wakala anazungumza na mteja wa kuigiza na kutumia zana. Walichofanya cha maana ni kuirudia kazi ile ile. Hawakuuliza tu amepatia mara ngapi. Waliuliza: amepatia mara zote nane? GPT-4o, iliyokuwa miongoni mwa modeli bora wakati ule, ilimaliza chini ya nusu ya kazi. Walipodai mara nane mfululizo kwenye kazi za duka, ikashuka chini ya asilimia 25. Fanyeni hesabu wenyewe: wakala anayepatia mara 9 kati ya 10, uwezekano wa kupatia nane mfululizo ni kama asilimia 43. Tisa kwa kumi darasani ni alama A. Kwenye kukata tiketi kutwa nzima ni ugomvi.

Jambo la pili nililoliiba kwao: hawamwamini wakala kwa maneno yake. Mazungumzo yakiisha wanafungua kanzidata na kulinganisha ilivyo na ilivyotakiwa kuwa. Wakala wangu wa vitenge alisema malipo yamepokelewa, tena kwa Kiswahili fasaha. Ungempima kwa ufasaha angefaulu. Ungefungua jedwali la malipo, hakuna kitu.

Halafu na kipimo chenyewe kinataka kupimwa. SWE-bench ilitoka 2023 na kazi 2,294 zilizochukuliwa kwenye miradi halisi ya lugha ya programu ya Python. Mwaka uliofuata OpenAI wakaajiri watengeneza programu 93 wakague kazi 1,699 kati ya hizo. Asilimia 68.3 zikaondolewa. Nyingine maelezo yake hayakujitosheleza, nyingine zilikataa jibu ambalo ni sahihi kwa sababu tu halikufanana na la mtunzi. Ndipo wakabaki na kazi 500 wakaziita Verified, yaani zilizohakikiwa. Mimi pia nilikuwa na jaribio lililotaka jibu liwe "09:00" herufi kwa herufi. Wakala akajibu "saa tatu kamili asubuhi", jaribio likampa sifuri. Nilikaa siku nzima natafuta kosa kwa wakala.

Kwa hiyo ukirudi nyumbani, chukua ujumbe halisi wa wateja, ondoa majina na namba za simu, andika kila mmoja ulitakiwa kuishia wapi kwenye kanzidata. Ishirini zinatosha kuanza. Weka na kadhaa ambazo hazihitaji zana yoyote, kama mteja anayeandika "asante, Mungu akubariki". Wapo mawakala ambao ukiwaambia asante wanatafuta basi. Watu wa Chuo Kikuu cha Berkeley kule Marekani, kwenye jedwali lao la kupima uitaji wa funksheni, wana kundi zima la maswali ya namna hiyo. Tenga nyingine chache usizitazame mpaka mwisho, kama mwalimu anavyoficha mtihani. Kisha soma mazungumzo yenyewe, mstari kwa mstari, pale wakala alipoita zana na alichojibiwa. Naam, kwa macho. Inachosha kama kuchambua mchele, na mawe yanaonekana vile vile.

Hapo ndipo utaona pia zana zinazobwabwaja. Umeulizwa jina la mteja, unarudisha safu yote ya jedwali, na picha, na vitambulisho vya ndani vyenye herufi 36. Anthropic mwaka 2025 walitoa mfano wa zana ya Slack, programu ya gumzo la kazini: jibu refu tokeni 206, jibu fupi lenye kinachohitajika tokeni 72. Zidisha mara wateja wako wa siku. Sitakaa hapo, bili itakueleza mwenyewe.

Nimalizie na jaribio ninalotembea nalo. Mzee mmoja wa Pangani aliandika anataka gari la kutoka Tanga kuja Dar "usiku wa Ijumaa". Wakala akamkatia la Ijumaa, 21:00. Mzee akapiga simu amekasirika: gari lake lilikuwa la Alhamisi. Kwa wazee wa pwani siku inaanza jua likizama, na usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa. Mjukuu wake aliyekaa pembeni, naye wa Pangani, angesema maneno yale yale akimaanisha Ijumaa yenyewe baada ya magharibi.

Nimeandika kwenye maelezo kwamba mtu akitaja usiku wa siku fulani, wakala aulize kwanza ni wa kuamkia siku hiyo au ni jioni yake. Sasa anawauliza wote, hata aliyesema "Ijumaa tarehe 14 saa tatu usiku", na watu wanachukia. Nikalegeza maneno, akaacha kuuliza kabisa. Jana usiku nimeliendesha jaribio hilo mara nane, amepatia tano. Mwenye wazo anikute pale kwenye birika la chai, kompyuta ninayo.